Ua la bondeni Timboroa: kwa nini limekufa Kisumu, na pa kulipanda

*Swali: Mwalimu, habari yako. Mimi ni mama wa Milimani, Kisumu. Tulikuwa tunatoka Eldoret kwenda Nakuru, tukasimama Timboroa kununua viazi na karoti. Nyuma ya vibanda kuna bonde la majimaji, na humo kulikuwa na maua ya rangi ya chungwa, mabua yake yananifika kifuani, vimirija vimeinama kama shanga. Mwenye shamba aliniruhusu nichimbe mashina matatu. Nimeyapanda karibu na bomba na namwagilia asubuhi na jioni. Mawili yamelala, ukiyavuta yanang'oka yenyewe, na yananuka. La tatu limebaki na jani moja la kijani. Je, hii ni alovera ya porini? Kosa langu ni lipi? Dada yangu ana shamba Molo, anaweza kuyapanda akauza maua? Halafu nyanya mmoja palepale Timboroa aliniambia mizizi yake huchemshwa kwa maumivu ya tumbo. Ni kweli? Nimekutumia picha tatu.*

Mama, pole kwa hasara, na asante kwa kukumbuka kupiga picha ya mizizi. Wengi hunitumia picha ya ua peke yake, tena la mbali, halafu wanataka niwaambie mmea umekufa kwa nini. Ni kama kumpelekea daktari picha za harusi ya mgonjwa. Picha yako ya tatu ndiyo iliyonipa jibu: pale majani yanapokutana na mizizi, mahali ninapopaita shingo, pamegeuka kahawia na kulegea kama ndizi iliyosahauliwa kwenye mfuko wa nailoni. Nitarudi hapo. Kwanza tulitambue ua lenyewe, maana ukikosea jina utakosea na matunzo.

Hilo ni nifofia. Kwa kitaalamu linaandikwa Kniphofia thomsonii, na kwenye nasari za miche za Nakuru na Eldoret ukilitaja hivyo watakukodolea macho. Wao husema "redi hoti poka", wakimaanisha kile chuma cha kuchochea moto kikiwa kimeiva. Sehemu ya kwanza ya jina inamkumbuka Johann Hieronymus Kniphof, tabibu wa Erfurt, Ujerumani, wa karne ya 18, ambaye sidhani aliwahi kuota Timboroa iko wapi. Ya pili ni ya Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884 mpaka kwenye mapango ya Elgon, yule yule ambaye maporomoko ya Nyahururu yalipewa jina lake. Jina la wenyeji wa bonde lile lilikuwako kabla ya hao wote wawili. Siku nyingine ukipita, muulize mwenye shamba wanaliitaje kwao, uliandike pamoja na mahali ulipolisikia.

Jamii ya nifofia ina spishi kama 70 na nyingi ni za Afrika Kusini. Hili letu ni la milimani kwetu: Elgon, Cherangani, Mau, Aberdare, mpaka Kilimanjaro. Penye ukungu wa asubuhi na nyasi zenye maji chini, ndipo lilipo. Mara nyingi utaliona kwenye ukingo wa kijito au kwenye chemichemi ambayo ng'ombe wakipita wanaacha mashimo yaliyojaa maji.

Sasa, alovera. Umekisia karibu, kwa sababu nifofia na mshubiri, ndiyo hiyo alovera, ni wa ukoo mmoja, na maua yao yanafanana kama watoto wa ndugu. Usiangalie ua, shika jani. Jani la mshubiri ni nene, lina maji ndani, pembeni lina miiba, na ukilivunja linatoa utomvu wa manjano mchungu. Jani la nifofia ni refu na jembamba, hufika karibu mita moja, limekunjwa kwa urefu wake kama mfereji wa paa, na upande wa chini lina uti uliochongoka. Ukilivunja hupati ute wowote, unapata nyuzi. Pembeni halina miiba ya kuchoma. Ukipitisha kidole taratibu kutoka ncha kuelekea chini unaweza kuhisi ukwaruzo mdogo tu.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria pia. Mishubiri ya porini Kenya haichimbwi ovyo: tangu agizo la rais la mwaka 1986 uvunaji wake porini ulipigwa marufuku, baadaye zikaja kanuni za leseni, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kwa hiyo mtu akikuchimbulia "alovera ya mlimani" kando ya barabara, muulize kwanza aliitoa wapi.

Kuna mimea mingine miwili ambayo watu hunitumia wakidhani ni nifofia. Mmoja ni leonotisi, ule wenye vishada vya mviringo vya rangi ya chungwa vilivyotungwa kwenye bua kimoja juu ya kingine kama mipira. Kuutambua ni rahisi: shina lina pembe nne, na majani yamekaa mawili mawili, yakitazamana. Nifofia haina majani juu ya bua hata moja, yote yanatoka chini. Mwingine ni nifofia ya dukani, mahuluti yenye asili ya Afrika Kusini, na nadhani hiyo ndiyo uliyoiona kwa wauza miche Kisumu. Ile kichwa chake kimeshonana kama mgunzi wa hindi, nyekundu juu na manjano chini. Yetu ina vimirija vilivyoachana kidogo, unaweza kuona bua katikati yake, na kila kimirija kina urefu wa kama sentimita tatu na kimeinama. Huanza kufunguka kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo bua moja hukupa rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja: chini manjano ya embe, katikati chungwa, juu matumba mekundu yaliyofumba. Katika picha yako ya kwanza, hesabu kutoka chini: safu nne zimefunguka, na katika ya pili kuna nyuzi sita za chavua zinachungulia nje. Sina shaka nayo.

Twende kwenye kosa. Umeniandikia "namwagilia asubuhi na jioni" kwa namna ya mtu anayejitetea, na nakuelewa. Uliliona ua limesimama kwenye maji, ukaona dawa yake ni maji. Kumbe maji ya Timboroa na maji ya bomba lako si kitu kimoja kwa mzizi.

Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari; reli ya Nakuru kwenda Eldoret inapita hapo ikiwa katika sehemu zake za juu kabisa. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Ukishuka kila mita 1,000, joto hupanda kwa nyuzi kama sita. Piga hesabu: umeliteremsha ua lako karibu mita 1,600, maana yake umeliongezea nyuzi kumi hivi, mchana na usiku. Mchana lingeweza kuvumilia. Usiku ndio unaoliua. Mmea huu umezoea kulala kwenye baridi ya kukufanya utafute blanketi la pili, na katika baridi hiyo unapumua polepole, unatunza sukari uliyotengeneza mchana. Usiku wa Kisumu, hata huo wa Milimani wenye upepo wa ziwa, unaufanya upumue haraka na kuila akiba yake yote kabla ya mapambazuko. Unaamka na njaa kila siku.

Halafu yale maji. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na maji yanayotembea hubeba nyingi kuliko yaliyotuama. Bonde la Timboroa lina yote mawili: baridi, na mwendo. Hata pale unapodhani maji yamesimama, weka jani kavu juu yake usubiri, utaliona linasogea. Karibu na bomba lako udongo ni wa joto, na ukiwa mzito unashika maji bila kuyaachia. Mizizi imekosa hewa, ikaanza kufa kutoka ncha, na kuvu na bakteria wa udongoni wanaopenda joto na majimaji wakapanda hadi shingoni. Ile harufu ni yao. Mkulima wa viazi anaijua: ndiyo harufu ya gunia lililonyeshewa na kufungwa.

Nisikucheke, maana mimi mwenyewe nimewahi kulipia kosa hili kwa pesa za mtu mwingine. Hoteli moja mjini Nakuru, jina naliacha, ilitaka bustani ya maua ya kienyeji mbele ya mapokezi. Nakuru ni mita 1,850 hivi, nikajiambia hapa pana ubaridi wa kutosha. Nikapanda nifofia arobaini mbele ya ukuta unaotazama magharibi. Kila alasiri ukuta ule ulikuwa jiko. Kufikia mwezi wa pili zaidi ya nusu zilikuwa zimelala kama zako, na meneja alikuwa amelala juu ya simu yangu. Zilizobaki hai zilikuwa nyuma, upande wa mashariki wa tangi la maji, ambako jua linaondoka saa sita mchana na tangi linavuja kidogo. Hizo zilichanua, ingawa mabua yake hayakupita kiuno changu. Tangu siku hiyo nina mpaka wangu wa kichwani: juu ya mita 2,000 panda bila wasiwasi, kati ya 1,800 na 2,000 tafuta kivuli cha alasiri na udongo unaopitisha maji, chini ya hapo usijisumbue. Eldoret inaingia, Kitale iko mpakani, Kakamega na Kisumu haziingii.

Kwa hiyo kwa nyumba yako jibu ni hapana, na sitakupa ujanja wa kuweka barafu kwenye chungu. Panda leonotisi, ile ile niliyoitaja. Aina ya kila mwaka, Leonotis nepetifolia, inakubali joto la Kisumu, inaota kwa mbegu hata kwenye udongo wa kokoto, na rangi yake ni hiyo hiyo ya chungwa uliyoipenda. Itajimwaga mbegu yenyewe, mpaka mwaka wa pili utakuwa unaing'oa kwenye njia. Mtu akikushauri gloriosa, ule mmea wa kutambaa wenye ua jekundu lililopindua petali nyuma kama miali ya moto, ni mmea wetu na unachanua vizuri kwenye joto, lakini una sumu mwili mzima, hasa kiazi chake. Kama kuna watoto au wageni wanaochimba chimba, uache huko huko vichakani.

Leonotisi ina sifa nyingine ambayo naisimulia kila nikipata nafasi. Miaka ya 1970 wanasayansi wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, walikaa karibu na Ziwa Naivasha wakimtazama chozi mwenye mabawa ya dhahabu, ndege mdogo anayenyonya maua, akilinda maua ya leonotisi. Matokeo waliyachapisha mwaka 1975. Waliona kwamba eneo analolinda ndege mmoja linaweza kuwa dogo kama chumba au kubwa kuliko hicho mara nyingi sana, lakini ukihesabu maua ndani yake, yanaelekea kuwa kiasi kile kile, karibu 1,600, yaani nekta ya kumtosha siku moja. Ndege anahesabu maua, hana haja na ekari. Nakwambia haya kwa sababu watu hupanda shina moja karibu na dirisha wakingoja chozi aje, halafu wanalalamika. Panda kundi. Hata nifofia kwa dada yako, zikiwa ishirini pamoja zitaita chozi kuliko ishirini zilizosambazwa kwenye uzio mzima. Akija, mtazame anavyotua: bua la nifofia ni imara kiasi cha kumbeba, anashika chini ya vimirija kichwa kikitazama juu, anaingiza mdomo uliopinda kwenye kimirija kilichoinama, na akitoka ana vumbi la manjano kwenye paji. Vumbi hilo ndilo linalotia mbegu kwenye bua la jirani.

Sasa Molo. Hapa ndipo moyo wangu unapotulia. Molo iko karibu mita 2,500, udongo wake ni wa volkano, mwepesi, na nina hakika shamba la dada yako halikosi kona ya chini ambako viazi huoza kila msimu wa mvua. Kona hiyo ndiyo ya nifofia. Asing'oe viazi kwenye udongo mzuri apande maua; apande maua pale viazi vimemshinda.

Njia ya haraka ni kugawa kisiki. Nifofia iliyokomaa huzaa vichipukizi pembeni mpaka inakuwa fungu. Mvua za Machi zikianza kushika, achimbe fungu zima kwa uma wa shamba, alitikise udongo utoke, halafu alitenganishe kwa mikono. Kisu kitumike tu pale panapokataa. Kila kipande kiwe na shingo yake na mizizi isiyopungua mitano au sita. Majani yakatwe nusu, yasinywe maji ambayo mizizi michanga haiwezi kuyaleta. Apande kwa nafasi ya nusu mita au zaidi kidogo kati ya shina na shina. Shingo, mama, shingo: iwe sawa na uso wa udongo. Watu wanaizika wakidhani wanaisaidia kusimama, na hapo wanaifungulia kuvu mlango. Kama inayumba, iegemezwe kwa mawe mawili. Samadi mbichi isiguse shingo. Mboji iliyoiva, debe moja kwa mashina manne hivi, inatosha mwaka mzima. Ukizidisha unapata majani marefu yanayolala na mabua machache.

Njia ya mbegu ni ya polepole na mimi naipenda zaidi, kwa sababu haimwondolei mwenye bonde hata shina moja. Baada ya kuchanua, mabua yaachwe. Vitumba vya mbegu vitavimba, vya mviringo, kisha vitageuka kahawia na kuanza kupasuka kutoka juu. Siku hiyo ndiyo ya kukata. Ukichelewa upepo umekutangulia. Ndani utakuta mbegu nyeusi zenye kona tatu. Zimwagwe kwenye sinia lenye udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, zifunikwe kwa vumbi la udongo tu, zinyunyiziwe kwa kopo lenye matundu madogo, na ziwekwe kwenye kivuli chepesi. Huota baada ya wiki tatu hadi sita, mara nyingine hukawia zaidi, kwa hiyo asimwage sinia kwa hasira. Miche inafanana kabisa na nyasi. Nimewahi kumpoteza kijana mzuri wa kazi kwa sababu alipalilia sinia zima akijivunia usafi wake. Yeye alikasirika kuliko mimi. Ikifika majani matatu ihamishiwe kwenye mifuko, na msimu wa mvua unaofuata iingie shambani. Ua la kwanza ni mwaka wa pili au wa tatu.

Tahadhari moja kuhusu mbegu: nifofia huchanganyika damu kirahisi. Kama dada yako ana ile ya dukani yenye kichwa cha mgunzi, mbegu atakazovuna zitatoa machotara, na wateja wanaotaka ua la asili hawatalipata kwake. Achague moja.

Adui mkubwa kule ni fuko. Utaamka asubuhi bua limezama kama limevutwa na mtu aliye chini, ukilishika linatoka bila mizizi. Mimi huweka waya wa kuku chini ya shimo, na ninapanda kwenye upande wenye majimaji zaidi, ambako fuko hapendi kuchimba. Konokono hula majani machanga usiku. Januari na Februari, sakitu ikishuka mabondeni, majani yataungua ncha na kuwa kama yaliyomwagiwa chai ya moto. Asiyakate mpaka mvua ije, maana hayo yaliyoungua yanakinga shingo. Yatachipua. Kila baada ya miaka mitatu au minne fungu ligawanywe, la sivyo katikati hukauka na kubaki duara kama kipara.

Kuhusu kuuza, nitasema ninavyoona. Hili si waridi la Naivasha. Soko lake ni makanisa, harusi, hoteli ndogo zinazotaka kitu tofauti mezani, na zaidi ya hapo miche kwenye mifuko kwa watu wenye bustani za Nakuru Milimani, Njoro na Eldoret. Mimi ningeweka nguvu kwenye miche. Akikata maua, akate asubuhi mapema wakati theluthi ya chini ya kichwa imepata rangi, ayatie kwenye ndoo ya maji papo hapo, na ayasafirishe yakiwa yamesimama. Ukiyalaza kwenye buti ya gari, kufika Nakuru ncha zote zitakuwa zimepinda kuelekea juu kama mikono ya wanafunzi wanaotaka kujibu swali, na hazinyooki tena. Ndani ya chombo hukaa siku tano hadi saba, maji yakibadilishwa.

Na mahali pa kutoa mbegu ya kwanza: kwenye mashamba ya watu, kwa ruhusa, kama ulivyofanya wewe. Asiingie msitu wa serikali na jembe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kuchukua mimea msituni bila kibali, na ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon ni marufuku kabisa kung'oa kitu. Hata kwenye shamba la mtu, akichukua asichukue fungu zima. Achukue kichipukizi cha pembeni, arudishie udongo, aukanyage. Bonde likibaki na mashimo, maji hukimbilia huko na nyasi za pembeni hukauka.

Umeniuliza kuhusu nyanya wa Timboroa. Hakukudanganya. Mizizi ya nifofia ina kemikali za kundi moja na zile zinazoufanya mshubiri uendeshe tumbo, na Ethiopia ndugu wa mmea huu, Kniphofia foliosa, anatumika katika tiba za asili kwa msokoto wa tumbo na vidonda. Mwaka 1984 wanakemia walitoa kwenye mmea huo kiini walichokiita nifoloni, na tangu hapo kimejaribiwa maabara dhidi ya vijidudu kadhaa, pamoja na vya malaria. Lakini kijidudu kufa kwenye kisahani cha kioo na mgonjwa kupona kitandani ni mambo mawili, na safari kati yake ni ya miaka. Nyanya anajua mzizi wa unene gani, maji kiasi gani, na nani asinywe. Wewe na mimi hatujui, na picha ya WhatsApp haitufundishi. Tumbo linalouma linaweza kuwa kidole tumbo. Ukiliendesha kwa mzizi unaweza kukipasua kidole hicho. Mjamzito asiusogelee. Kama unataka kuhifadhi ujuzi wake, kaa naye, uandike kwa jina lake na kwa ruhusa yake, usiuchemshe.

Matumizi ninayoyajua kwa ulimi wangu ni ya utotoni: tulikuwa tunachomoa kimirija kilichofunguka na kunyonya kile kitone cha utamu mwisho wake, tukitoka kuchunga. Utamu mdogo, na mara nyingi sisimizi amekutangulia.

Limebaki lile shina lenye jani moja. Usingoje wikendi. Lichimbue leo jioni, lioshe kwenye maji safi mpaka uone rangi ya kila mzizi. Kilichogeuka kahawia na kulegea kata chote kwa kisu ulichokipitisha kwenye moto, mpaka ufike kwenye nyama nyeupe iliyo ngumu. Kama ukikata unafika katikati ya shingo na bado ni kahawia, litupe, tena si kwenye mboji. Kama kuna weupe, hata wa ukubwa wa shilingi ishirini, paka jivu la kuni kwenye majeraha, liache kivulini usiku mmoja likauke, asubuhi lifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo ndani ya katoni yenye matundu, ulitume kwa matatu ya Nakuru mpaka Molo. Usilifunge kwa nailoni, litachemka njiani. Mwambie dada alipande siku hiyo hiyo kwenye mchanga, kwenye chungu, ukingoni mwa paa mahali penye ubaridi, na asilimwagilie maji mpaka siku ya tatu. Jani hilo moja huenda likanyauka. Aangalie pembeni ya shingo, karibu na udongo, kama kuna ncha ya kijani ndogo kama punje ya mchele.